Sura ya Saba: Hodi Katika Nchi ya Usagara

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Iringa kwa njia kuu iendayo Zambia, akiisha kupita Doma na kuingia uwanda wa Mkata, hujikuta ndani ya hifadhi ya Mikumi bila ya kubisha mlango wowote, kwani njia hiyo imeikata hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo, twiga, nyati na pundamilia huonekana dirishani na abiria ambaye pengine hakukusudia kuwaona wala hakutoa senti kwa ajili yao. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, eneo lake ni kilomita za mraba 3,230, na jina lake ni la mikumi, miti mirefu ya jamaa ya mtende ambayo sisi watu wa pwani huiita mivumo. Kando ya lami pana vibao vinavyomwonya dereva kwa kumtajia faini ya kila mnyama atakayemgonga, na ni jambo la kusifiwa kwamba uhai wa swala umewekewa kinga mbele ya haraka za binadamu.

Hifadhi humfundisha mgeni namna moja ya kutazama, na kwa wanyama namna hiyo ni ya adabu kamili: keti garini, usishuke, usipaze sauti, usiwalishe, tazama hata jicho lishibe, piga picha kadiri upendavyo, kisha nenda zako. Simba hana haja ya kujua jina lako wala la babako, wala hatakuuliza umekuja kwa idhini ya nani. Walakini nimeshuhudia mara nyingi, na kila mara nimeingiwa na huzuni, mgeni yule yule akitoka langoni jioni na jicho lile lile alilolitumia kwa twiga, akalielekeza kwa mama anayepeta mchele mbele ya nyumba yake katika mji wa Mikumi, au kwa kijana wa Kiparakuyo aliyejifunga lubega na kuegemea fimbo kando ya barabara, asimwamkie, asimwulize hali, akainua simu yake, akapiga picha, akapanda gari akaondoka, akiamini kwa unyofu wa moyo kwamba siku ile amekutana na utamaduni wa watu.

Sura hii naiandika kwa ajili ya msafiri huyo, awe ametoka Ulaya au ametoka Dar es Salaam, maana ujinga wa ugenini hauchagui rangi, na mimi mwenyewe, mzaliwa wa pwani, niliwahi kuwa mgeni wa namna hiyo, kama nitakavyoeleza mbele. Wengi hudhani kwamba mila za watu hutafutwa kaskazini ya nchi tu, kwa Wamasai wa Ngorongoro na kwa Wahadzabe wa kando ya ziwa Eyasi, ambako kuonyeshwa watu kumekwisha kuwa biashara yenye njia zake na bei zake. Nimeichagua wilaya ya Kilosa kwa sababu huku biashara hiyo haijaota mizizi mirefu, hata mgeni na mwenyeji wangali na nafasi ya kuanza vema, na kwa sababu katika nchi hii ya Usagara ndipo ilipotendeka khiana ya mgeni ambayo taifa zima lilikuja kuilipia.

Njia itokayo Dumila kwenda Kilosa hupita Msowero, mahali pa wakulima, na mpita njia asiyejua yaliyotendeka huweza kupita hapo bila ya kugeuza shingo. Tarehe 29 Novemba 1884 ndiyo iliyoandikwa katika mkataba wa hapo, ambao ulichukuliwa na Mjerumani mmoja wa umri wa miaka 28, jina lake Carl Peters, aliyekuwa akisafiri na wenzi wake, miongoni mwao Karl Jühlke na Joachim von Pfeil. Walikuwa wamefika Unguja kwa kuficha majina yao na azma yao, wakavuka hadi Saadani, na katika muda wa majuma machache wakapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami wakikusanya karatasi. Karatasi ya Msowero ilisema kwamba Mangungo, ambaye wao walimwita sultani, ameitoa nchi yake yote pamoja na haki zake zote kwa chama cha Wajerumani wapendao makoloni, waitumie peke yao. Na ilisema pia kwamba yeye hayuko kwa namna yoyote chini ya Sultani wa Zanzibar, ambaye zama zile alikuwa Sayyid Barghash. Lugha ya karatasi ile haikuwa lugha ya Mangungo. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza akatia mkono wake katika hati ya himaya iliyojengwa juu ya karatasi hizo, na kutoka hapo mlango ukafunguka kwa yote yaliyofuata, kodi, viboko, kazi za kulazimishwa, na hatimaye damu ya Maji Maji.

Kila mtoto wa Tanzania hulisikia jina la Mangungo shuleni, na mara nyingi hulisikia pamoja na kicheko, kana kwamba alikuwa mtu mpumbavu aliyeiuza nchi kwa vitu vya kuchezea. Sikubaliani na kicheko hicho hata kidogo. Katika nchi ile ardhi ilikuwa ya koo, ya waliokufa, ya walio hai na ya wasiozaliwa bado. Mgeni aliyehitaji pa kulima au pa kujenga alikwenda kwa wenye nchi, akaomba, akapewa, akakaa humo kwa amani maadamu alishika adabu, lakini hapakuwa na mtu, hata mtawala mwenyewe, aliyeweza kuifunga ardhi katika karatasi na kumkabidhi mwingine aichukue milele. Mangungo alipokea mgeni. Alitenda lile ambalo mwenyeji mwema hutenda, na aibu ya tendo lile si ya mwenye nyumba aliyefungua mlango, bali ni ya aliyeingia kwa hodi akatoka na nyumba.

Lililo zito zaidi, na ambalo ningependa msafiri wa leo alitie moyoni, ni namna Peters alivyoingia. Hakuingia kwa matusi. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyokuwa akinywa na watawala wa njiani, jinsi alivyowapa zawadi na kuketi nao, na jinsi mahali pengine alivyochanjiana nao damu kwa desturi ya nchi hata wakahesabiwa kuwa ndugu. Alishiriki mila. Lau kushiriki mila za watu ndiko kuziheshimu, basi wasafiri wachache wangalimshinda Peters kwa heshima. Lakini chale ile, ambayo kwa mwenyeji ilikuwa kiapo cha kusaidiana hata kufa, kwake ilikuwa ni namna nyingine ya kalamu. Mwaka 1897 serikali yake mwenyewe ilimfukuza katika utumishi kwa sababu ya ukatili alioutenda Kilimanjaro, lakini nchi aliyoiandika katika karatasi zake haikurudishwa kwa wenyewe.

Kwa hiyo ninapomsikia msafiri akieleza kwa furaha kwamba amecheza ngoma na wenyeji, amekula kwa mkono kutoka sinia moja nao, amejifunga shuka yao na kupewa jina la kwao, simkatizi furaha yake, kwani huenda yote hayo yalitendeka kwa mapenzi. Ila najiuliza kimoyomoyo kama siku ile alikuwa tayari kuambiwa hapana.

Lugha yetu inalo neno ambalo limeshuka hadhi kwa muda wa miaka mia, nalo ni hongo. Leo hongo ni rushwa, fedha ipitayo chini ya meza kumpofusha mwenye dhamana. Katika zama za misafara, watu walipotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji kwa kupita Usagara na bonde la mto Mkondoa, hongo ilikuwa ni nguo na shanga alizopelekewa mtawala wa nchi ili msafara upite na kuteka maji kwa amani. Wagogo, ambao nchi yao iko mbele ya Usagara, ndio waliojulikana mno kwa kuitoza. Richard Burton na John Speke waliopita mwaka 1857, na Henry Stanley aliyepita mwaka 1871 akateseka kwa tope na mafuriko ya Mkata katika majira ya masika, na Wazungu wengi wa baada yao, waliiona hongo kuwa ni unyang'anyi wa mchana. Sikatai kwamba zilikuwapo hongo za dhuluma. Lakini katika asili yake jambo lile lilikuwa na maana adhimu, kwamba maji haya yana mwenyewe, njia hii ina mwenyewe, kivuli hiki unachotaka kulala chini yake kina mwenyewe, nawe msafiri, hata ukiwa na bunduki mia, umesimama kwanza ukaomba.

Nasi watu wa pwani tuna deni letu katika njia ile, na haifai mwandishi wa pwani alipite deni hilo kimya kimya huku akiwahesabia Wazungu madhambi yao. Pamoja na nguo na shanga misafara yetu ilipita na minyororo, na neno la ushenzi ambalo mababu zetu waliwaitia watu wa bara lingali katika ndimi za baadhi ya wajukuu wao, hutamkwa kwa wepesi kana kwamba halina uzito. Hata hivyo walikuwamo waliosafiri wakiuliza na kusikiliza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika habari ya safari yake ya Udoe na Uzigua na mila alizozikuta huko, na maandishi yake yalichapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa safari za Waswahili uliotolewa na Carl Velten. Si yote yaliyoandikwa katika mkusanyo ule yaliyosalimika na majivuno ya pwani, lakini ni ushahidi kwamba kusafiri kwa sikio na kalamu ni urithi wetu pia.

Hongo ya halali ya siku hizi ni hatua chache za kwenda ofisi ya serikali ya kijiji. Hapo yuko mtendaji, na mwenyekiti kama hakwenda shamba. Hapo pana daftari la wageni, aghalabu limechakaa pembe kwa kushikwa na mikono mingi, ambamo msafiri huandika jina lake, atokako na alijialo. Kisha ataitwa mwenyekiti wa kitongoji ampeleke aendako, na huenda hayuko karibu, na huenda asubuhi nzima ikapita mgeni akiwa ameketi katika benchi chini ya mwembe. Nimewaona wasafiri wakikasirika kwa kungoja huku, wakisema kwamba siku yao inaliwa na urasimu. Laiti wangejua kwamba ziara imekwisha kuanza. Wapitao hapo humtazama mgeni, humwamkia, humpima kwa namna anavyojibu shikamoo ya mtoto na namna anavyoitoa yake kwa mkubwa, na jioni kijiji kizima huwa na habari zake. Tena jambo hili si hisani tu, maana kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, hata njia ile nyembamba ipitayo migombani hadi mtoni ina watu wa kuulizwa habari zake. Msafiri akitaka kutoa kitu, na aulize hapo ofisini nini kinahitajiwa na nani akabidhiwe, akitoe mbele ya macho ya watu. Lakini kuwarushia watoto pipi dirishani ni jambo lililo afadhali kuachwa, kwani mtoto aliyerushiwa kitu leo, kesho hukimbilia gari la kila mgeni apitaye.

Kisha yako majina. Mgeni huyapokea majina ya watu njiani kama apokeavyo chenji dukani, bila ya kuyahesabu. Ataambiwa na dereva kwamba wale wafugaji wa Kilosa ni Wakwavi, na kwamba wale wengine ni Wamang'ati, naye atayatumia majina hayo mbele ya wenyewe akidhani ameonyesha maarifa. Wale wa kwanza wajiita Waparakuyo, na jina la Wakwavi wengi wao hulisikia kama kejeli. Wa pili ni Wabarabaig, na neno mang'ati ni la Kimasai lenye maana ya adui. Tena wako waliofika huku baada ya malisho yao ya Hanang kuchukuliwa kwa mashamba makubwa ya ngano. Kumwita mtu adui wakati unaponyoosha mkono kumsalimu si jambo dogo, hata kama limetendwa kwa kutojua. Katika vijiji kama Parakuyo na Twatwatwa mtoto atakuja mbele ya mtu mzima akainamisha kichwa bila ya kusema neno. Weka kiganja juu ya utosi wake kwa upole, hiyo ndiyo salamu aliyoijia, na ukimnyoshea mkono badala yake atabaki ameinama akingoja.

Na kuna jambo ambalo mgeni hana budi kulijua kabla hajafungua kinywa katika uwanda wa vijiji hivyo. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi baina ya wakulima na wafugaji, na wangali hai waliozika watu wao katika msiba huo. Nimewahi kumsikia msafiri, mtu mwema kabisa, akiuliza kwa sauti ya udadisi penye mkusanyiko wa watu ni kabila gani hasa lililo wenyeji wa asili wa mahali pale. Katika kitabu swali hilo ni la elimu. Pale uwandani ni kiberiti, kwani wote waliosimama mbele yake walikuwa na makaburi katika ardhi ile, na kila mmoja alingoja kuona mgeni ataandika nini. Mgeni na asikilize habari za mkulima kwa mkulima na za mfugaji kwa mfugaji, na hukumu aiache, maana yeye atapanda basi aende zake nao watabaki na maji yale yale na majani yale yale.

Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na jirani zao Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa sababu hiyo wengi wetu tutokao mahali pengine, ambako baba ndiye shina la nyumba, hukosea hata tunapoonyesha adabu. Mwaka mmoja nilikaribishwa katika nyumba moja karibu na Kidodi, chini ya milima ya Vidunda, nikalishwa ugali na mlenda, nikaonyeshwa shamba lenye rutuba linaloshuka hadi kijitoni. Nami, kwa kutaka kuwa mgeni mwema, nikamgeukia mwenye nyumba, mzee mwenye mvi, nikamshukuru kwa maneno marefu kwa kunikaribisha katika shamba lake. Yule mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akanionyesha mkewe aliyekuwa akisafisha vyombo.

"Bwana mgeni," akasema, "mshukuru mama huyu. Shamba hili ni la kwao. Mimi nami nilikaribishwa, kama wewe."

Sijapata kusikia maneno yaliyonifunza nchi ile kwa ufupi kuliko hayo. Mtu aliyekaa pale miaka arubaini, akazaa na kulea na kulima, alijihesabu kuwa aliyekaribishwa, wala hakulisema jambo hilo kwa uchungu, bali kwa staha, kama mtu atajaye deni analojivunia kulilipa kila siku. Tangu hapo niingiapo nyumba ya huku huuliza kwanza, kwa sauti ya chini, ni nani wa kushukuriwa, na mara kwa mara nimeonyeshwa bibi kikongwe aliyeketi pembeni ambaye jicho langu la pwani lilikuwa limempita, au nimeambiwa nimngoje mjomba, kwani bila ya neno lake jambo haliwi.

Mambo ya wali na unyago nitayapita kwa haraka, na nayapita kwa makusudi. Wanawake wa Uluguru na wa nchi zinazoishukia pwani, Ukwere na Uzaramo, wanalo fundisho lao chini ya mti wa mkole, na wanacho kinyago kidogo cha mti kiitwacho mwana hiti, kisicho na mikono wala miguu, ambacho mwali hukilea katika siku za kuwekwa ndani, akikipaka mafuta na kukitunza kama mtoto atakayemzaa. Vinyago hivyo vingi vimechukuliwa, na leo vimesimama nyuma ya vioo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya, vikavu, havipakwi mafuta na mtu. Sina cha kumwambia msafiri kuhusu yatendekayo ndani ya fundisho lile. Niliyoyasikia niliambiwa kwa amana, na mengi sikuambiwa, na nashukuru kwamba sikuambiwa. Ukipewa mwana hiti ununue kando ya njia, na muuzaji akaapa kwamba ni cha kale na kimetoka kwa bibi yake, basi fikiri ni haja gani iliyomtoa bibi yule katika kitu kile, na ukione kuwa ni kizito mno kwa mkoba wako.

Sasa nitimize ahadi niliyoiweka mwanzo. Katika ujana wangu, enzi za kamera za filamu, nilipanda milima ya Ukaguru, kaskazini ya Kilosa, nikafika kijiji kimoja siku ya tatu ya msiba. Nilipokewa kwa wema mkubwa, ingawa sikuwa jamaa wala rafiki wa marehemu. Alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, nilikwenda makaburini peke yangu, nikaona kaburi jipya na vitu vilivyowekwa juu yake, na kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri nikapiga picha. Mtoto mmoja aliniona. Niliporudi hakuna aliyenigombeza. Nililetewa maji ya kunawa, nikaletewa chakula, na chakula kilikuwa kingi na safi kuliko cha jana, lakini hakuna mtu hata mmoja aliyeketi kula pamoja nami. Wanaume walikula upande wa pili wa ua, na walipokutana na macho yangu waliinamisha yao. Nimewahi kutukanwa katika safari zangu, na nimewahi kuibiwa, lakini sijapata adhabu kama ile ya kula peke yangu katika nyumba iliyojaa watu.

Nilikwenda kwa mzee wa pale na kamera yangu, nikaifungua mgongo mbele yake, nikaitoa filamu yote nikainyosha juani, picha za siku kumi pamoja na ile moja. Mzee aliitazama mpaka ikageuka rangi. Kisha akasogea kidogo katika mkeka wake, akasema, "Sasa keti."

Kuketi hivyo kwataka muda. Reli ya zamani ilifika Kilosa mwaka 1909, na kwa miaka zaidi ya mia mgeni aliyefika huku kwa gari moshi alifika amechoka, amekwisha kugawana chakula na abiria wenzake na kuuliza habari za nchi aiendeayo. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma hupita Kilosa kwa kasi, ikitoboa milima kwa mahandaki, na mtu aweza kunywa chai ya asubuhi kwake Dar es Salaam akawa hapa kabla jua halijapanda. Nafurahi kwa ajili ya mama atakayefikisha mtoto wake mgonjwa hospitali kwa saa chache. Lakini nina hofu kwa ajili ya mgeni, kwani mwili wake utafika kabla ya moyo wake kuanza safari, naye atataka apewe kila kitu kabla ya treni ya jioni.

Nilirudi katika kijiji kile cha Ukaguru baada ya miaka mingi. Mzee aliyeniambia niketi alikuwa amekwisha fariki, na mahali pake palikuwa na mtoto wa dada yake, mtu wa makamo, ambaye alikumbuka habari ya filamu kwa sababu ndiye mtoto aliyeniona makaburini. Nilikuta matayarisho ya tambiko: pombe ya mtama imeiva, kaniki imekunjwa juu ya kigoda, unga umo katika kibuyu. Nikamwomba idhini ya kufuatana nao hadi msituni, nisimame mbali, bila ya kamera, bila ya kalamu. Akafikiri kwa muda mrefu, akaenda kushauriana na bibi mmoja ndani, akarudi.

"Hapana," akasema. "Kaa hapa nyumbani."

Basi nikakaa. Wao walipanda njia ya msituni kwa mstari mmoja, na mimi mama mwenye nyumba akanisogezea ungo na gunia la mahindi, nikakaa na watoto wawili kupukuchua. Mara moja nilisikia sauti za watu kutoka juu, kisha kimya, kisha upepo. Walirudi jua likiwa limekwisha kuzama nyuma ya mlima, unga ukiwa ungali katika vidole vyao, nao wanazungumza kwa furaha ya watu waliotua mzigo. Yule bwana alinawa mikono, akaja akaketi mkekani ubavuni mwangu, akachukua gunzi moja akaanza kupukuchua.

"Na huko kwenu pwani," akaniuliza, "wazee wenu mnawakumbukaje?"

Nikamweleza habari za hitima, za ubani na maji ya waridi, za makaburi ya mababu zangu yaliyoliwa na chumvi ya bahari na jinsi tunavyokwenda kuyapalilia kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama; naye akauliza hili na lile, ni nani anayesoma, na wanawake huwa wapi, na kama waliokufa baharini huhesabiwa pamoja na wengine, nami nikamjibu kadiri nilivyojua, mpaka ungo wa pili ukajaa.